Majani ya Lenzi Hayapakwi Mafuta

Muriithi na Nyokabi, mliniomba niandike yale niliyokuwa nikiwaambia wakati wa chai nilipowafundisha kutengeneza lenzi, kwa sababu mlisema nikiondoka mtayasahau. Nimeondoka mwezi uliopita tu, na tayari Nyokabi amenipigia simu kuniuliza kama jani la mwisho linaingia juu ama chini. Linaingia chini ya lile la kwanza, Nyokabi. Sasa nimekaa hapa nyumbani na naandika polepole, kwa maana niliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu. Habari za mishahara na vyeo sitaandika. Vyeo havikuwepo, na mishahara ilikuwa mishahara.

Nilianza kazi Nanyuki katika duka la Mzee Salim. Watu wake walikuwa wafanyabiashara wa mifugo, lakini yeye alipenda vitu vidogo visivyokula nyasi: saa, darubini na kamera. Mama yangu alikuwa akimpelekea mkewe viazi kutoka kwetu Kieni, na siku moja akanipeleka na mimi pamoja na gunia. Akamwambia, "Huyu Wangari ana mikono mizuri, Mzee, lakini mdomo hana." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiangalia viatu vyangu.

Mzee Salim alinipa saa mbovu na kibano, akaniambia nitoe skrubu zote nizipange. Nilipomaliza akazitazama kwa muda mrefu, karibu na pua, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kisha akasema, "Nitakutazama mpaka shule zifungwe, binti. Halafu nitakuambia kama unabaki ama unarudi kukamua ng'ombe." Mpwa wake alikuwa anaitaka ile nafasi ya meza aweke kanda za muziki, na mzee hakuficha kwamba kanda zilikuwa na faida kuliko sisi. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikiomba moyoni nibaki. Mbali na uzuri wa kazi yenyewe, nilikuwa nimeona kwamba pale mezani mtu anaweza kukaa kutwa bila kulazimishwa kuongea.

Siku ya kwanza sikugusa kamera. Nanyuki asubuhi ina baridi ya kuuma masikio, na mimi nilikuja na sweta nzito ya sufi aliyonifumia shangazi. Mzee aliniambia niivue. Nikafikiri ni adabu ya duka. Akachukua lenzi iliyofunguliwa, akaipitisha karibu na mkono wangu, kisha akanionyesha ndani: nyuzi tatu za rangi ya waridi zimelala juu ya kioo kama minyoo. Tangu hapo nilivaa koti la kitambaa laini na kutetemeka. Mlipokuwa mkiniona naingia na leso shingoni na sweta naiacha mlangoni, sababu ilikuwa hiyo.

Siku ya pili nilijifunza taulo. Mnaijua. Tandika taulo mezani, kingo zake zikunjwe ziinuke, ndipo ufungue chochote. Ndani ya pete ya namba ya lenzi kuna gololi ndogo ya chuma, ndogo kuliko mbegu ya mtama, inayosukumwa na springi. Ukizungusha pete, gololi inaanguka kwenye kishimo kimoja baada ya kingine, na ndiyo inayolia tk, tk, tk. Ukiifungua pete kwa haraka, springi inaitupa gololi upande inaoutaka yenyewe. Wiki za kwanza nilikuwa chini ya meza kuliko juu yake. Mzee Salim alikuwa akisema, "Wangari ameenda kusalimia gololi," na wateja wanacheka, nami nashukuru kwamba huko chini hawanioni.

Vifaa vyake vilikuwa vichache, na vingi havikununuliwa kwa kazi hiyo. Pete ya mbele ya lenzi, ile yenye maandishi, haina mahali pa kushika, kwa hiyo alitumia kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ya ng'ombe. Unakibana juu ya pete na kuzungusha kwa kiganja. Vumbi alilipuliza kwa kipira cha kusafishia masikio ya mtoto, kwa sababu pumzi ya mdomo ina mate hata kama wewe ni mtu msafi. Alikuwa na kifaa cha chuma chenye ncha mbili cha kufungulia pete za ndani, alichokichonga mwenyewe kwa tupa. Hicho kiko kwenye droo ya kushoto, na yeyote atakayefungua soda nacho nitarudi kazini kwa ajili yake.

Sasa majani. Mzee aliyaita majani, na sisi tumeendelea hivyo. Lenzi ya zamani ina tundu katikati linalopitisha mwanga, na tundu hilo linapanuka na kubana kama mboni ya jicho. Likiwa wazi kabisa, pete inaonyesha namba ndogo, mbili ama hata chini yake. Likibana, namba inakuwa kubwa, kumi na moja, kumi na sita. Kila mtu hulishika hilo kinyume mara ya kwanza. Kila hatua moja ya pete inapunguza mwanga kwa nusu.

Kinachobana ni majani ya chuma, mara nyingi sita, membamba kuliko wembe, yamepangwa kwa duara na kila moja limelalia mwenzake. Kila jani lina vijipini viwili. Kimoja kiko upande wa chini, kinakaa kwenye kitundu cha sahani isiyosogea, na jani linazunguka hapo kama mlango kwenye bawaba. Cha pili kiko upande wa juu kwenye ncha nyingine, kinaingia katika mfereji wa sahani inayozunguka. Ukizungusha pete, sahani ya juu inageuka, mifereji inavisukuma vile vijipini, na majani yote sita yanaelekea katikati kwa pamoja. Nilipoyaona yakifanya hivyo mara ya kwanza nilisahau aibu yangu nikasema, "Ai!" kwa sauti. Mzee Salim akatazama huku na huku, akauliza, "Nani huyo ameingia?"

Lakini kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililokaribia kunirudisha kwa ng'ombe. Katika kamera nyingi za wakati ule, mpiga picha anaangalia kupitia lenzi ileile inayopiga. Tundu likibana, anaona giza. Kwa hiyo tundu hukaa wazi kabisa wakati wote, hata kama pete imewekwa kumi na moja. Anapobonyeza, ndani ya kamera kuna kijiti kinachogusa kijiti cha nyuma ya lenzi, springi dhaifu inayafunga majani hadi namba iliyowekwa, picha inapigwa, na majani yanafunguka tena. Yote hayo yanaisha kabla hujapepesa. Na springi ni dhaifu makusudi, ili isiyavunje majani.

Basi majani ni lazima yawe makavu. Makavu kabisa. Mtu akiona chuma kinasuguana na chuma, mkono wake unatafuta mafuta wenyewe, na mafuta ndiyo ugonjwa. Yanayafanya majani yashikane kama kurasa za gazeti lililonyeshewa. Springi inavuta, majani yanachelewa, picha inapigwa tundu likiwa bado wazi, na mwanga unaingia mwingi kupita kiasi. Na mpiga picha hawezi kujua, kwa sababu yeye akitazama anaona kila kitu sawa.

Mama Gathoni alikuwa mpiga picha wa Chaka. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na alikuwa na kamera moja na lenzi moja. Alileta lenzi yake mara ya kwanza akisema picha zake zinatoka nyeupe. Nilikuwa nimeshafundishwa kiasi cha kutosha, na mzee akanipa. Niliifungua, nikakuta majani yameloa mafuta. Niliyatoa moja moja, nikayaosha kwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya chuma, nikayakausha, nikayarudisha. Yalifanya kazi vizuri sana. Mama Gathoni akaondoka.

Baada ya wiki chache akarudi. Majani yameloa tena. Mzee Salim alifikiri mimi nilibakiza grisi kwenye nyuzi za pete ya kusogezea, ikateleza ndani. Alinisimamia nikaiosha yote, kila kona, na yeye mwenyewe akapitisha kidole. Lenzi ikaondoka safi kama sahani ya wageni.

Mara ya tatu alikuja siku ya Ijumaa akiwa na bahasha. Akamwaga picha juu ya taulo yangu. Zilikuwa za watoto wa shule ya msingi kule kwao, darasa la mwisho wakiwa wamepangwa kwenye benchi. Sare zao zilionekana kidogo. Nyuso hazikuonekana kabisa.

"Mzee Salim," akasema, "hizi nilipiga za kujaribu. Mwalimu mkuu ameniuliza kama nimepiga picha ya watoto ama ya unga. Jumatatu ndio picha yenyewe ya kumaliza shule. Ikitoka hivi tena, anaita mpiga picha mwingine kutoka Nyeri, na hiyo shule sitaiona tena. Na Chaka yote itajua ni nani aliniharibia."

Alikuwa ananiangalia mimi. Mzee Salim naye alikuwa ananiangalia mimi.

Kisha mzee akainuka, akachukua kofia yake. Ilikuwa saa ya swala. "Zungumza na fundi wako," akamwambia, na akatoka. Mlangoni alinigeukia. "Lenzi umeiosha mara mbili, binti. Tatizo haliko tena ndani ya lenzi. Mimi nimeyasema yangu yote."

Nilibaki na Mama Gathoni na meza katikati yetu. Shule zilikuwa zinafungwa wiki iliyofuata. Nilijua kwamba nikiiosha tena nikanyamaza, itarudi tena, na kabla haijarudi mimi nitakuwa nimeshakwenda.

Niliichukua lenzi, na hata kabla sijaifungua ikanifikia harufu. Mara zile mbili petroli iliyokuwa wazi mezani ilikuwa imeifunika. Sasa niliitambua mara moja, kwa sababu niliamka nayo kila alfajiri tangu utoto wangu.

"Mama," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Mimi si daktari wa koo."

"Hii lenzi ikiwa nyumbani inakaa wapi?"

"Inakaa kwangu. Ulitaka ikae kwa jirani?"

"Nauliza nyumba gani. Ya kulala, ama jikoni?"

"Jikoni. Kwa msumari, juu ya moto. Si ni huyu mzee wenu alisema baridi inaleta kuvu kwa kioo? Sasa ningeiweka wapi, kwa friji?"

"Na hii pete, mama. Huwa unaipaka kitu?"

"Nani amekuambia naipaka?"

Hapo ndipo nilipotaka kushuka chini ya meza nikasalimie gololi. Lakini taulo lilikuwa limetandikwa na hakuna gololi iliyoanguka.

"Inanuka ng'ombe, mama," nikasema.

Mama Gathoni alinitazama kwa namna iliyonifanya nianze kuangalia mlango. Akaichukua lenzi, akainusa. Akanusa tena.

"Hii ni mafuta ya kukamulia," akasema taratibu. "Ile ya kopo. Asubuhi Chaka ni baridi, na hii ringi inakataa kuzunguka, nami nimeita watu wamesimama. Napaka kidogo tu. Kidogo! Hiyo mafuta inafanya kila kitu. Napaka midomo, napaka bawaba ya mlango, mtoto akikwaruzika napaka. Sasa lenzi peke yake ndio itaikataa?"

Mnaona. Ni fundi gani wa mjini angefikiria hilo? Kwetu kila nyumba ilikuwa na kopo la mafuta yale ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na hakuna kitu ambacho hakijapakwa. Yalipakwa kwenye pete wakati wa baridi yakiwa mazito, yakatulia. Kisha jioni lenzi inatundikwa juu ya moto, mafuta yanayeyuka, yanapita kwenye nafasi ya pete, yanateremka mpaka kwenye majani. Asubuhi yanaganda hapo.

Sikuwa na maneno ya kumweleza yote hayo, kwa hiyo nilimwonyesha. Kwenye droo kulikuwa na lenzi iliyopasuka ambayo mzee alinipa nijifunzie. Nilitoa majani mawili, nikamwekea kiganjani moja juu ya lingine, nikamwambia apulize kidogo. La juu likateleza likaanguka. Kisha nikachukua mafuta kidogo kutoka pembeni mwa pete yake, nikagusisha kati ya majani yale, nikamrudishia.

Akapuliza. Hakuna kitu. Akapuliza kwa nguvu zake zote, na nguvu zake mnaweza kuzifikiria. Majani yakakaa yameshikana.

"Kumbe!" akasema. Akavuta kiti cha mzee akakaa. "Sasa fungua hiyo yangu, kairitu. Nione kwa macho yangu."

Kairitu ni msichana, kwa Kikikuyu chetu, na alivyolitamka lilikuwa karibu sana na mtukutu. Sikuwa nimewahi kufanya kazi nikitazamwa na mteja. Nilifungua, nikaosha, nikakausha. Kurudisha majani ndiko kunakohitaji moyo. Unaweka la kwanza, la pili linalilalia, la tatu linalilalia la pili, na kadhalika mpaka unafika la mwisho, ambalo linatakiwa kulilalia la tano na wakati huohuo kuingia chini ya la kwanza. Unalinyanyua la kwanza kwa ncha ya kibano, unalichomeka la mwisho kwa pembeni, na ukikohoa unaanza upya. Mama Gathoni alishika pumzi pamoja nami. Lilipoingia alipiga meza kwa furaha, na majani yote sita yakaruka.

Tulianza upya. Safari hiyo alikalia mikono yake.

Mzee Salim aliporudi alitukuta tunapaka pete grisi nyepesi ya saa, kwa ncha ya sindano, mahali pale pa nje tu ambapo ilikuwa inakwama, ili mwenyewe asitafute tena kopo la ng'ombe. Alichukua lenzi, akabonyeza kile kijiti cha nyuma mara kadhaa akiwa ameiweka sikioni. Majani makavu yana sauti yake, kama mtu anayefunga kitabu kidogo. Akamrudishia Mama Gathoni.

"Inakaa kwenye sanduku la nguo," nikamwambia alipokuwa akitoka. "Si jikoni."

"Nimesikia! Sasa umeanza kuongea hutanyamaza?"

Alirudi shule zilipokuwa zimeshafungwa. Tulimsikia kabla hajaingia. Akaweka picha mezani, na watoto walikuwa na nyuso, wote, mpaka yule mdogo wa mwisho aliyefumba macho. Vifungo vya mashati ungeweza kuvihesabu. Mwalimu mkuu alikuwa ameagiza na picha za madarasa mengine, na shule ya jirani imeulizia.

"Lakini Mzee," akasema, "huyu kairitu wako ana maneno makali sana."

"Huyu? Amesema nini?"

"Ameniambia lenzi yangu inanuka ng'ombe."

Mzee Salim alifikiri. "Na ilikuwa inanuka?"

"Sana," akasema Mama Gathoni, na wakacheka wote wawili mpaka watu wa duka la pili wakachungulia.

Jioni ile nilifagia mara mbili. Nilikunja taulo, nikalikunjua, nikalikunja tena. Mzee alifunga saa zake, akavaa kofia, akasema, "Kesho usichelewe, kuna darubini ya mgeni wa mlimani imeingia maji." Nikamwambia sawa. Njiani nikajiuliza kama hilo lilikuwa jibu langu, la kubaki ama kurudi, nikaona hapana, ni darubini tu. Nikaamua nitangojea jibu lenyewe.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Mpwa alipata chumba kingine cha kanda zake. Macho ya mzee yalipoisha kabisa alikuwa akikaa kando yangu akisikiliza majani, na hata bila kuona alikuwa akisema, "Hilo la tatu limepinda," na lilikuwa limepinda. Baadaye nikahamia Nyeri na ile meza. Filamu zikaisha, studio zikafungwa moja baada ya nyingine, simu zikaja, na kwa miaka kadhaa nilitengeneza darubini za waelekezi wa mlima na miwani ya wazee. Ndipo vijana mkaanza kuja na lenzi za babu zenu, mkizifunga kwenye kamera mpya kwa pete ya kuunganishia. Mnaniambia video inataka pete isiyolia, kwa hiyo niitoe ile gololi. Nimeitafuta chini ya meza maisha yangu yote, na leo watu wanataka niitupe.

Na kila mteja nimemuuliza lenzi yake inakaa wapi nyumbani. Muriithi, unakumbuka yule kijana wa Kagio ambaye lenzi yake ilinyeshewa harusini, akaizika kwenye gunia la mchele ili ikauke, kama anavyofanya na simu. Ulitoa unga wa mchele kwenye majani nusu siku nzima. Angekuwa hajaulizwa, angeizika tena. Ulizeni. Mtu hatajisemea, kwa sababu kwake yeye kopo la mafuta na gunia la mchele si habari.

Lile jibu la Mzee Salim sikulipata. Wakati wa shule kufungwa mwaka uliofuata nilikaribia kumuuliza, na yeye akanipa lenzi. Alipoacha kazi alinipa funguo, akanionya juu ya kufuli la nyuma linalokwama, na hakusema zaidi. Hata alipokuwa mgonjwa nyumbani kwake nilienda kumwona nikiwa na maziwa, na tuliongea kuhusu springi. Kwa hiyo nilirudi kesho yake, na kesho yake tena, kama mtu aliye kwenye majaribio, mpaka mwezi uliopita nilipoamua mwenyewe kwamba macho yangu yametosha. Nimestaafu kabla sijaambiwa kama nabaki.